Bi Harusi Aliyekuwa Kabatini

Arobaini ya Bibi ilipokwisha tulifungua kabati lake ili tugawe nguo. Mlango ulipoachia ilitoka harufu ya udi, na ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende, na chini yake harufu ya tatu, ya plastiki iliyokaa mahali pa joto kwa muda mrefu. Waliokuwepo chumbani nadhani hawakuisikia hiyo ya tatu. Mimi niliisikia kabla sijaona chochote, nikashika ukingo wa kitanda. Kwa miaka mingi ya utoto wangu niliamini kwamba hiyo ndiyo harufu ya mama yangu.

Mama yangu, Salma, alifariki nikiwa sijafikisha miaka miwili. Sina kumbukumbu yake hata moja. Wakubwa wananiambia nilikuwa silali bila kumshika sikio, lakini mkono wangu haukumbuki. Vilibaki vitu viwili. Kimoja ni picha ndogo ya kitambulisho, amekaza uso kama mtu aliyeambiwa asipumue. Cha pili ni mkanda wa video wa harusi yake. Bibi, aliyemzaa mama, ndiye aliyenilea kwenye nyumba yetu ya Tandika, pamoja na Mamdogo Zainabu, mdogo wake mama. Mkanda ulikuwa unalala kwenye kabati la Bibi, umeviringishwa kwenye kanga.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka ile mikanda. Myeusi, mizito, ina vidirisha viwili vya plastiki ambavyo ukichungulia unaona utepe wa kahawia umezungushwa. Siku za Idi Bibi alikuwa anautoa, anaupangusa vumbi, ananipa niushike kidogo. Mimi nilichungulia kwenye kidirisha. Upande mmoja utepe ulikuwa mnene na upande wa pili mwembamba, na akili yangu ya mtoto ikaamua kwamba ule mwembamba ndio maisha aliyoyaishi mama na ule mnene ndio yaliyobaki, yanamsubiri. Bibi akigeuka nilikuwa naweka mdomo kwenye tundu na kumsalimia. "Shikamoo Mama." Kisha naweka sikio. Harufu ya plastiki ikanijaa puani, nikaona huo ndio mwitikio wake.

Nilichokitaka hasa ni sauti. Picha inaweza kukuambia pua ilikuwaje, lakini haikuambii mtu alikuwa anacheka vipi, wala angeniita vipi kama ningekuwa nje nacheza na chakula kimeiva. Nilitaka kumsikia mama yangu mara moja tu.

Lakini mkanda ulikuwa hauchezwi. Deki ya Bibi ilikuwa imezeeka na ilikuwa inakula mikanda. Siku moja jirani alileta mkanda wake wa maulidi, deki ikaumeza, na walipoutoa utepe ulining'inia nje kama utumbo wa kuku. Nilipiga kelele mpaka watu wakafika mlangoni. Toka hapo, aliyetaja tu kuuweka mkanda wa mama kwenye deki alinikuta nimeshajilaza mbele ya kabati.

Kuna jambo lingine la wakati ule ambalo nalikumbuka kwa vipande. Nilipokuwa na miaka kama minne, Mamdogo Zainabu aliolewa. Nakumbuka gauni jeupe lililokuwa linanikwaruza shingo, kikapu cha maua, na taa ya mpiga video iliyokuwa kali kama jua la saa saba. Nakumbuka pia kwamba siku chache kabla ya harusi, Mamdogo alikaa miguuni pa Bibi akamwomba mkanda wa dada yake.

"Nataka niende nao kwangu, Mama. Nikimkumbuka dada niwe namwona. Kule wana deki nzima."

Bibi alilia, akaufungua mkanda kutoka kwenye kanga na kumkabidhi kwa mikono miwili, kama anakabidhi mtoto. Mimi nilikasirika siku mbili. Ndoa yenyewe haikufika mfungo wa pili. Mamdogo alirudi na talaka yake, godoro, masufuria matatu, na mkanda. Aliuzungushia kanga mwenyewe, akaurudisha kabatini mwenyewe. Nilifurahi sana. Masikini mimi, nilidhani mama amerudi kutoka matembezini.

Nilipofika darasa la pili nikasikia kwamba kuna studio zinahamisha mikanda na kuingiza kwenye diski. Diski hailiwi na deki. Nilianza kumsumbua Mamdogo asubuhi na jioni. Mimi ni mtu wa kuona haya, hata leo dukani nasubiri wote wahudumiwe ndipo niseme ninachotaka, lakini kwa jambo hilo nilikuwa sina haya.

"Mamdogo, umeupeleka?"

"Nitaupeleka."

"Lini?"

"Studio kuna foleni, Saumu. Watu wote wanaleta harusi zao. Wewe unadhani mama yako peke yake ndiye aliyeolewa Temeke?"

Bibi akacheka pale alipokaa. "Mpelekee mke mwenzangu mkanda wake, bwana. Atatutoa roho."

Mwishowe akaenda. Aliondoka na mkanda kwenye mfuko wa rambo, na kwa wiki mbili sikumwona mama wala kanga yake. Siku moja alasiri Mamdogo akaingia na diski ndani ya kibahasha cha karatasi. Juu imeandikwa kwa kalamu nyekundu ya wino mzito: HARUSI YA SALMA.

"Na mkanda uko wapi?" niliuliza.

"Wamebaki nao. Ukishahamishwa hauna kazi tena, unatupwa."

Nilisikitika kidogo kwa sababu ya kile kidirisha changu, lakini diski ilikuwa mkononi. Tulikuwa tumeshapata deki ndogo ya diski. Nikawaita watoto wenzangu, tukajipanga kwenye mkeka, Bibi akawekwa kwenye kiti karibu na televisheni maana macho yake yalikuwa yameshaanza kufunikwa na mtoto wa jicho.

Ukumbi ulitokea, umepambwa vitambaa vya waridi. Wanawake waliovaa sare ya kijani walikuwa wanatandika kanga sakafuni, kanga mbele ya kanga, ili bi harusi akanyage. Kisha akaja yeye. Shela usoni, kichwa ameinamisha, mikono imejaa hina na piko mpaka kwenye viwiko. Alitembea polepole kama mtu anayepima kila kanga uzito. Alipofikishwa kwenye kiti, shela ikainuliwa, uso ukaonekana mweupe kwa poda, midomo myekundu, nyusi zimechorwa.

"Huyo ndiye mama yako," Mamdogo alisema. Alikuwa amesimama nyuma yetu, mlangoni.

Nilimtazama mpaka macho yakaniuma. "Mbona hafanani na picha?"

"Bi harusi gani anafanana na picha yake? Amepakwa, amepambwa. Hata mie siku yangu hukunijua, ulinikimbia."

"Na wewe uko wapi?"

"Mie nilikuwa jikoni na mapishi."

"Na Bibi?"

"Ndani, na wazee wenzake. Angalia bwana, maswali mengi utapitwa."

Sauti yake haikusikika. Ngoma ya harusini ilifunika maneno ya watu wote mwanzo mpaka mwisho. Hilo lilinivunja moyo, lakini nilijipa subira kwa kitu kingine nilichokiona. Bi harusi alikuwa na tabia. Kila baada ya muda aliinua kidole chake kidogo cha mwisho na kupangusa pembe ya jicho, taratibu, ili wanja usimwagike. Watoto wakashangilia: "Mama Saumu analia!" Nikaona fahari iliyonipanda mpaka masikioni. Nilikuwa na mama anayelia.

Wakati huo Bibi alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Mara akashika fimbo yake.

"Naenda kutia udhu," akasema.

Adhana ilikuwa bado kabisa. Lakini ikawa hivyo kila mara. Nikiweka diski ile, Bibi atakaa kidogo, kisha atakwenda kutia udhu. Nilidhani ni huzuni ya mzazi aliyefiwa. Nilikuwa nampunguzia sauti, nikamwambia, "Pole Bibi," naye ananipapasa kichwa na kupita.

Niliitazama diski hiyo miaka minne. Nilijua kila mwanamke wa sare ya kijani na zamu yake ya kucheza. Nilijifunza kutembea kama bi harusi, polepole, napima sakafu. Na kile kidole kikawa changu. Nikisikia machozi yanakuja, shuleni au nyumbani, nilipangusa pembe ya jicho kwa kidole cha mwisho. Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza, "Hayo madaha umejifunza wapi?" Nikamjibu kwa sauti ndogo, "Nimerithi kwa mama."

Nilipokuwa darasa la sita alihamia mtaani kwetu msichana anaitwa Pili, kutoka Kipawa. Alikuwa na mdomo, mimi sina, kwa hiyo tulielewana. Siku ya Jumamosi nilimkaribisha ndani, na kama nilivyomfanyia kila rafiki niliyempenda, nikamwekea harusi ya mama. Pili alikuwa anakula ubuyu. Bi harusi alipoinuliwa shela, akaacha kutafuna.

"He! Anti Rukia!"

"Nani?"

"Huyo bi harusi. Anti Rukia wa kwetu Kipawa. Sie tulikuwa nyumba ya tatu kutoka kwake. Umepata wapi sidii yao?"

"Huyo ni mama yangu."

Pili akacheka, akadhani natania. "Mama yako wapi? Subiri, subiri, kuna sehemu inakuja. Yule wa sare aliyejifunga kiremba, unamwona? Mama yangu yule. Haya, na mtoto anayelia mapajani kwake, kamasi mpaka kidevuni? Ni mie huyo!"

Mtoto yule nilikuwa namjua. Nilishamwona analia mara mia. Sasa nikamtazama yeye kwenye televisheni, nikamtazama Pili na ubuyu mwekundu midomoni, na walikuwa na paji la uso moja.

"Mama yangu amekufa," nikasema.

"Basi siyo huyo. Anti Rukia mzima wa afya, anachoma chapati barabarani."

Sikumwambia mtu yeyote nyumbani. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na Pili mpaka Kipawa. Ndege zilikuwa zinapita chini juu ya mabati, na mwanamke mmoja mnene alikuwa amekaa nyuma ya chuma cha chapati, jasho linamtiririka. Hakuwa na poda wala nyusi za kuchorwa. Nikaanza kupata matumaini kwamba Pili amekosea. Kisha moshi ukampiga usoni. Akainua kidole chake cha mwisho, akapangusa pembe ya jicho, taratibu.

Nilisimama pale. Nina aibu kuandika hili, lakini kwa sekunde chache nilitaka kumwita. Nilikuwa nimempenda miaka minne, na alikuwa hai.

Akaniona. "Karibu mwanangu. Nikufungie ngapi?"

Mwanangu. Ndivyo anavyomwita kila mtoto anayefika na hela mkononi. Nikasema mbili. Chapati zile nilimpa Pili zote.

Jioni hiyo nikamkuta Mamdogo anafua uani na Bibi amekaa kwenye kigoda. Nikaiweka diski juu ya jiwe la kufulia.

"Huyu ni Rukia," nikasema. "Anauza chapati Kipawa."

Mamdogo aliendelea kusugua nguo ileile. Povu likaisha, bado anasugua. "Nani amekwambia?"

"Nimemwona."

"Mkanda uliliwa, Saumu," akasema hatimaye. "Mashine ya studio iliula. Nilikuja mpaka kwenye kona hiyo ya msikiti nikakuona umekaa barazani unanisubiri, umevaa gauni la Idi na siku yenyewe siyo Idi. Nikarudi. Nikamwambia yule wa studio anipe harusi yoyote. Basi. Nimekosa."

"Harusi yoyote?"

"Ulikuwa mtoto. Nilijua utasahau."

Nikamgeukia Bibi. Nilitaka ashangae. Nilitaka apige kelele, amrushie fimbo. Bibi alikuwa ametulia, uso wake kauelekeza kwenye ukuta.

"Bibi, ulijua?"

"Mie sioni, mjukuu wangu, lakini nasikia," akasema. "Ngoma ile siyo tuliyompigia Salma. Nilijua siku ileile ya kwanza."

"Na hukuniambia!"

"Ulikuwa kama mtoto aliyelala anacheka. Ningekuamsha nikupe nini?"

Kuna watu wakisikia maneno hayo wanasema Bibi alikuwa na hekima. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, na nilichoelewa ni kwamba kwa miaka minne nimekaa kwenye mkeka nacheka peke yangu, na watu wawili ninaowapenda wamesimama nyuma yangu wanajua. Ule udhu wote. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka nilikaza vidole vyote ngumi ili kile kimoja kisiinuke.

Miaka ikapita kama inavyopita. Nilimaliza la saba, matokeo hayakunibeba, nikajifunza cherehani. Diski ya Rukia ninayo mpaka leo, naitumia kuchorea duara kwenye kitambaa ninapokata kola. Bibi nilimsamehe alipoanza kuumwa, kwa sababu huwezi kumlisha mtu uji kwa kijiko na huku una kinyongo naye. Mamdogo tulikaa naye kwa adabu. Shikamoo asubuhi, marahaba, kazi zinaendelea. Alibaki kuwa mtu aliyenidanganya kwa kunihurumia, na huyo unaweza kuishi naye.

Sasa turudi kwenye lile kabati. Nyuma kabisa ya rafu ya chini, ndani ya kanga, ulikuwepo mkanda. Mzima. Haukuliwa na mashine yoyote. Niliuinua, nikachungulia kwenye kidirisha, na utepe ulikuwa umezungushwa vizuri kama nilivyouacha.

Mamdogo alikuwa ameshika buibui la Bibi, analikunja. Akauona mkononi mwangu.

"Huo umeshaoza," akasema haraka. "Lete nitupe."

"Ulisema uliliwa."

"Saumu, lete."

Sikumpa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kutompa mtu mzima kitu alichoniomba.

Niliuliza huku na huku nani bado ana deki ya mikanda. Nikaelekezwa Mwenge, nyuma ya wachonga vinyago, kwa fundi mmoja mwenye chumba kidogo kilichojaa nyaya. Vumbi la mpingo lilikuwa linaingia mpaka ndani, kila mashine kaifunika kwa kitambaa. Aliuchukua mkanda wangu, akaugeuza, akaupitishia kidole mgongoni.

"Wa nini huu, dada?"

"Harusi ya mama yangu."

"Nani aliurekodia tena?"

Nikamwambia sijaelewa. Akanionyesha. Mgongoni mwa mkanda kulikuwa na tundu dogo la mraba, na juu yake kipande cha selotepu kilichogeuka rangi ya chai.

"Hapa panakuwa na kijino cha plastiki," alisema. "Ukirekodi kitu unachokipenda, unakivunja, na kamera inakataa kurekodi tena juu yake. Aliyekivunja hiki alitaka harusi isifutwe. Halafu akaja mtu akaziba tundu kwa selotepu, ili kamera ikubali. Selotepu haijibandiki yenyewe, dada."

Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki. Nje nilisikia patasi zinagonga. Yule fundi aliona uso wangu, akapunguza sauti. "Nikuhamishie au uende nao?"

"Hamisha."

"Itabidi ukae. Mkanda haukimbizwi. Ulivyorekodiwa ndivyo unavyohama, saa kwa saa."

Akawasha. Picha ikaruka, ikatulia. Ukumbi mdogo, viti vya plastiki. Kanga zinatandikwa. Bi harusi anaingia, shela ikainuliwa, na alikuwa Mamdogo Zainabu, msichana, anang'aa kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. Mbele yake anatembea mtoto wa miaka minne mwenye gauni jeupe. Anajikuna shingo. Amebeba kikapu, anamwaga maua, anamwaga kwa bidii kweli, anatazama kamera na kucheka.

Ni mimi. Kila hatua niliyopiga pale nilikuwa nakanyaga harusi ya mama yangu. Hakuna mashine iliyokula kitu. Aliuomba akiwa amekaa miguuni pa Bibi, akisema anataka kumwona dada yake, akauzibia tundu, akaupeleka kwa mpiga video.

Nilikaa nikaitazama yote, saa mbili na kitu. Fundi alinipa maji, akajaribu na mzaha, "Angalau na wewe umepata kujiona," kisha akanyamaza. Watu wakatunza, wakacheza, wakala keki. Ndoa isiyofika mfungo wa pili. Mwishowe picha ikakatika, zikabaki chenga, zile punje nyeupe zinazorukaruka. Fundi akapeleka mkono kuzima.

"Subiri," nikasema. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya ule upande mnene wa utepe. Ulikuwa bado haujaisha.

Chenga ziliendelea muda wa kuhesabu mpaka thelathini. Kisha sauti ikatangulia kabla ya picha. Kicheko cha mwanamke, kizito, kinakwaruza kidogo, kama cha mtu aliyetoka kuamka. Halafu picha.

Chumba. Kanga imeshikwa juu kama pazia na msichana wa miaka kumi na mitano hivi, Zainabu, anacheka mpaka kanga inatikisika. Nyuma ya kanga kuna mtu.

"Mpishe bi harusi ale!" Zainabu anamfokea mpiga video.

"Bi harusi halagi mbele za watu," mpiga video anajibu, hatumwoni.

"Ndiyo maana nimemfichia!"

"Mwache, Zai," sauti ile nzito inasema. "Nina njaa mie, tangu jana sijatia kitu mdomoni. Nitilie pilipili hapo."

Kanga ikashuka. Mama yangu amekaa chini, miguu kainyoosha, shela imetupwa begani, poda imeshaoga jasho. Sahani ya pilau iko mapajani. Tonge limejaa shavuni. Alimtazama mpiga video, yaani alinitazama mimi, akapangusa mdomo kwa kiganja kizima, bila madaha yoyote.

"Hiki kipande ukifute, baba. Mkwe wangu akikiona nimekwisha."

"Nitakifuta, bi harusi."

"Apa."

"Haki ya Mungu nakifuta."

"Zai, shahidi wewe."

"Mie shahidi, dada. Kitafutwa."

Wakacheka wote. Mama akameza, akafungua mdomo kama anataka kusema neno lingine, na utepe ukaisha. Mashine ikatoa mlio, ikaanza kuurudisha mkanda yenyewe.

Dakika nne. Fundi akauliza kama aweke na ile harusi ya mwanzo. Nikamwambia hapana, hizo za mwisho tu. Akachukua kalamu ya wino mzito. "Juu niandike jina gani?" Nikamwambia asiandike kitu.

Nilifika nyumbani Mamdogo akiwa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Alinitazama mikono kwanza.

"Shikamoo."

"Marahaba." Akasogeza chuya kando. "Umeiona."

"Nimeiona. Ulipendeza."

"Nilikuwa mtoto, Saumu. Mpiga video alisema tuje na mkanda wetu, na harusi imebaki siku chache. Nikajisemea, dada angekuwepo angenipa kwa mkono wake. Halafu ndoa yenyewe ikawa vile. Ningewaambia nini? Hata kuutupa sikuweza, nikaurudisha kwa Mama kabatini." Akashika punje moja ya mchele, akaizungusha kati ya vidole, hakuitupa wala hakuirudisha. Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa mara ya kwanza nikasikia ndani yake ile nyingine, nzito, ya mama. "Na mwisho wa mkanda? Baada ya yangu kukatika. Hakukubaki hata kidogo? Hata sauti yake tu?"

Diski ilikuwa kwenye mkoba wangu, ubavuni.

"Chenga tu, Mamdogo," nikasema, nikaingia ndani kutia udhu.